Saa ya Mungu na Sufuria ya Eufrasia

Miaka ishirini na sita serikali ilituchezea saa, na miaka yote hiyo mimi, Hilario Casillas, niligoma. Kila Aprili walisogeza mishale mbele kwa saa moja, eti giza lichelewe kuingia jioni, na Oktoba wakairudisha. Saa ya jikoni kwangu sikuigusa. Kijijini kwetu Jalisco, Meksiko, ukialikwa harusini unauliza kwanza: saa ya Mungu au ya serikali? Lakini lori la maziwa lilifuata ya serikali, kwa hiyo niliamka gizani kuwakamua ng'ombe waliokuwa bado wamelala, na maziwa yakapungua. Hasira niliyokuwa nayo, acha tu.

Eufrasia Padilla ni mjane. Nilimsimamia binti yake Itzel ubatizo, ndiyo maana tunaitana kompadre na komadre. Anauza mahindi ya kuchemsha kando ya uwanja wa mpira: punje kikombeni, ndimu, jibini, pilipili. Miezi ya joto vijana wa kiwanda cha nyaya walirudi saa moja jioni jua bado lipo, wakacheza mpaka saa mbili na nusu, na nusu ya kijiji walikuja kutazama na kula. Sufuria yake ungeweza kumwogeshea mtoto. Na mdomo anao. Mtu akikosa penalti humwambia, "Wewe chukua bila pilipili, mwanangu, umeshaungua vya kutosha." Kwa sufuria hiyo alikuwa anamsomesha Itzel uuguzi mjini.

Basi chama cha wafugaji kikaanza kukusanya sahihi ili serikali iache kuchezea saa, na orodha ya kijiji nikapewa mimi. Ukurasa ulibakiza nafasi ya jina moja. Eufrasia hajui kusoma, anaandika jina lake tu.

"Hii ya nini, kompadre?"

"Ya kuomba taa za uwanjani."

Sijui kwa nini nilisema vile. Hapana, najua. Ningemwambia kweli angenifukuza kwa mwiko, na mimi nilitaka ukurasa ujae.

Tukashinda. Mwaka uliofuata Aprili ilipita bila mtu kugusa saa. Nililala vizuri, ng'ombe wakatoa maziwa kama zamani, nikanunua hata ng'ombe mtamba. Uwanjani mambo yakawa mengine. Vijana wakishuka basi saa moja, mwanga umebaki nusu saa, mpira wenyewe hauonekani. Kufikia Julai hakuna aliyecheza. Eufrasia alikuwa anakuja na kisufuria cha kupikia maharage ya watu wawili, na bado anarudi nacho kina mahindi. Nikawa nazunguka nyuma ya kanisa nisipite mbele yake. Mtu mzima, ninajificha.

Ijumaa moja alinikamata dukani.

"Kompadre, unanikimbia? Nakudai nini?"

"Ng'ombe tu, komadre. Wananimaliza."

"Niambie basi, zile taa tulizotilia sahihi zinakuja lini? Kiwandani wananitaka jikoni. Nimewaambia wanipe siku mbili."

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Hivi karibuni." Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Usiku sikulala, na asubuhi nilikwenda kwake nikiwa sijanywa hata kahawa. Nikamweleza yote, orodha ilikuwa ya nini na nani aliyemdanganya. Aliendelea kupukuchua mahindi mpaka likabaki gunzi tupu.

"Ile kazi nimeikataa jana jioni," alisema. "Wamempa mke wa Nicanor."

"Nitalipa mimi ada ya mtoto, komadre. Nitauza mtamba."

"Sitaki mtamba wako. Na usiniite komadre." Akachukua hindi lingine. "Itzel yuko ndani. Ulimshika wewe kanisani, kamwambie wewe kwamba harudi chuoni."

Niliingia. Itzel alikuwa anapiga pasi sare yake nyeupe ya Jumatatu. Aliponiona akaweka pasi chini, akaja kunibusu mkono, akanivutia kiti.

"Kaa, baba," alisema. "Umekula?"