Siku Niliyopungwa Mabawa

Nimehama miji mingi, na kila nikihama nautamani niliouacha. Ua wa dada yangu kule mtaa wa Mabawa nautamani mpaka leo, ingawa ndimo nilimotaka kufia.

Nilifika kwake miaka ya hamsini kutoka mashamba ya mkonge, kichwani nina sauti zinazonitukana na kuniamrisha nife. Hospitali wakanipa vidonge vipya. Sauti zikafifia, lakini miguu ikawaka moto. Kukaa siwezi, kulala siwezi. Nikazunguka ule ua kutwa, nikaanza kutaka kufa kwa akili yangu mwenyewe, bila kuamrishwa.

Kwetu mtu akihangaika namna ile, pepo wake anadai ngoma. Dada akamwita bibi mmoja, fundi wa kupunga pepo. Alasiri wakanifunika shuka, wakanifukiza udi, ngoma zikaanza. Kila pigo lilinipasua. Nikaruka.

"Pepo kapanda!" wanawake wakashangilia.

"Pepo wa bara huyo, hata kucheza hajui!" mmoja akacheka.

Nikaipiga ngoma teke ikapasuka. Mpigaji nikamsukumia kwenye chano cha ndizi na mayai aliyoandaliwa pepo, nikakimbilia kisima cha pale uani.

"Mwacheni," fundi akasema. "Pepo wa maji huyo, anarudi kwao."

Wote wakanipisha. Dada peke yake akanirukia kiunoni. Nikampiga kiwiko cha mdomo, damu ikamtapakaa kifuani. Nikamng'ata mkono, hakuachia. Tukaanguka ukingoni, akanikalia mgongoni.

"Mwanangu, utamuudhi pepo!" fundi akafoka.

"Bibi, nakuheshimu, lakini nyamaza!" Dada akaniinamia sikioni. "Kaka, anayetaka kufa ni pepo, au ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema. "Miguu hii hainipi nafasi. Tangu vile vidonge."

Akalia, lakini hakuniondokea. Alipoinuka alitema jino, akanifunga ncha ya kanga yake mkononi, nyingine akaishika, tukaenda hospitali hivyo hivyo. Watoto wakatufuata wakizomea, "Mwizi! Mwizi!"

Daktari akataka kumtazama kinywa kwanza.

"Jino liache," dada akamwambia. "Huyu vidonge vyenu vimemtia moto miguuni, na anataka kufa. Nataka utazame yote mawili, na mimi siondoki."

Akaketi sakafuni kando ya kitanda changu, kanga mkononi, mpaka walipopunguza dawa na mimi nikaweza kukaa.