Issa na Kijiti

Bibi alinipaka mise, yale mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, nikanuka hadi mbuzi wakanikwepa. Basi saa ya michezo pale Ujiji, nilipomshika mkono mwenzangu Issa kwenye duara, akapiga kelele.

“Kanawe, unamuua mwenzio kwa harufu!” wenzetu wakanicheka.

Nikaamini. Nikanawa kwa mchanga, bado akapiga kelele. Juzi tu, nami mtu mzima, katika shule ya Katubuka nimemwona mwalimu akimpa mtoto mwenye usonji kamba ashike, asiguswe, ndipo nikaelewa kuwa Issa hakuikimbia harufu yangu.

Siku ile ya duara, baada ya kunawa bure, nilimpa Issa ncha ya kijiti, nami nikashika nyingine. Akazunguka nasi, anacheka!

“Nimesema mikono, siyo vijiti!” Mwalimu wetu akakivunja.

Issa akavitazama vipande, akashika njia ya ziwani, taratibu. Shuleni hakurudi tena.