Uji Unaliwa au Unanywewa?

Mama mkwe wangu alifika Kibaha siku moja kabla ya safari, akitokea Kisarawe na mfuko wa unga wa ulezi. Ulezi aliuosha mwenyewe, akauanika, kisha akausimamia mashineni usije ukachanganyika na mahindi ya watu. Ulikuwa kwa ajili ya mtoto wetu mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, aliyeruhusiwa hospitali ya Tumbi wiki iliyotangulia baada ya kuharisha hadi macho yakaingia ndani. Tangu atoke wodini alikuwa anakataa kila kitu isipokuwa maji na uji wa bibi yake. Daktari alituagiza asikae muda mrefu bila kitu tumboni, na mbele yetu kulikuwa na ndege mbili za masafa marefu. Mke wangu alikuwa ametangulia masomoni ng'ambo. Mimi nilikuwa ninampelekea watoto: huyo mgonjwa, na dada yake wa miaka minne.

Asubuhi mkwe alipika uji, akaujaza kwenye chupa ya chai na kukaza kifuniko. Unga uliobaki tuliutia kwenye sanduku kubwa.

"Baba," aliniambia, akimpapasa mjukuu wake kichwani, "huyu mume wangu akifika kwa mama yake na njaa, usinipigie simu."

Uwanjani, kabla ya ukaguzi, nilisoma bango. Vimiminika vilikatazwa, isipokuwa chakula cha watoto. Nilisoma tena ili niwe na hakika.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja kijana. Swali lake la kwanza halikuhusu mizigo.

"Mama yao yuko wapi?"

"Huko tunakokwenda."

"Isije ikawa umewaiba," alisema, na mwenzake akacheka. Kisha akafungua chupa, akanusa. "Nini hiki?"

"Chakula cha mtoto."

"Hiki siyo chakula cha mtoto. Hiki ni uji."

Mbele yetu mama mmoja wa Kizungu alikuwa amepitisha vichupa vinne vya karoti zilizopondwa, nzito kama uji wetu, wala si zaidi. Nikamwonyesha.

"Vile vina lebo," alisema. "Haya niambie, uji unaliwa au unanywewa?"

"Unaliwa. Kwa kijiko."

"Baba!" binti yangu akadakia, ameshangaa kweli. "Uji tunakunywa!"

Foleni nzima ilicheka. "Umesikia mwenyewe," mkaguzi alisema. "Mnyweshe hapa hapa, la sivyo unakwenda pipani."

Nikakaa sakafuni. Uji ulikuwa wa moto, nikamimina kidogo kwenye kifuniko na kupuliza.

"Mzee, tuna ndege!" mtu alipaza sauti nyuma.

"Hata mimi ninayo."

Mtoto alipiga mafunda mawili. Trei zikagongana, mashine ikalia, akageuza uso na kufunga mdomo. Mkaguzi aliichukua chupa, akaumwaga uji wote pipani, juu ya chupa za maji na makopo ya soda. Mtoto akanyoosha mkono kuufuata. Nilirudishiwa chupa tupu.

"Chupa haina shida," aliniambia, kama vile amenifadhili.

Ndani ya ndege mtoto alianza kulia mapema. Wahudumu walileta juisi, mkate, maziwa ya mtindi. Vyote alivisukuma. Mama aliyekaa mbele yetu akageuka.

"Kaka, si umpe tu anachotaka?"

"Anachotaka kiko pipani."

Akavaa vifaa vyake vya masikioni. Nikaendelea kumpa maji kwa kijiko, tone baada ya tone. Kwenye ndege ya pili kilio kilipungua, na hapo ndipo nilipoogopa. Abiria walipumua. Mmoja alinipongeza kwamba mtoto ametulia. Hakuwa ametulia, alikuwa ameishiwa nguvu.

Mke wangu alipika uji kabla hata ya kumvua viatu. Mtoto alikunywa kikombe, akakishikilia na kudai kingine. Binti yangu alikuwa ameshapiga simu Kisarawe.

"Bibi, uji wako wameumwaga."

Sauti ikajaa chumba: "Nani kaumwaga? Na yeye mama yake alimlea kwa kitu gani, kwa soda?"

Mwaka uliofuata tulikuja nyumbani likizo. Tulipokuwa tunaondoka tena, nilimpa mkwe kichupa cha karoti nilichokiosha bila kuharibu lebo. Juu yake kulikuwa na picha ya mtoto wa Kizungu anacheka. Mkwe alikigeuza, akakitazama kwa muda.

"Kumbe mume wangu alikuwa anakosa picha tu," alisema, akakijaza uji wa ulezi.

Mkaguzi wa safari hiyo alikiangalia mara moja, akakisukuma upande wa pili. Hakuuliza unaliwa au unanywewa. Mtoto alikunywa uji wote kabla ndege haijaruka, akalala. Mimi sikulala. Njia nzima nilikuwa nimekishika kile kichupa kitupu, nikitamani kumtupia mtu.