Bi Nyaya na Mfano Uliokataa Kulia

Kisa hiki hamtakiamini, lakini kisomeni hivyo hivyo.

Kuna binti mmoja, nyumbani wanamwita Bi Nyaya, kwa kuwa kutwa kucha anaunganisha nyaya zisizoshikika. Ni za kwenye skrini: unaweka kijisanduku hapa, kingine pale, unavuta waya katikati, kompyuta inatoa sauti. Ni lugha ya kutengenezea muziki kwa kuchora. Yeye huitungia mifano ya msaada, ile anayoifungua mgeni akikwama.

Siku moja wenye lugha hiyo, wanaoitengeneza, walimpa mpaka jioni. Mfano wake mpya ukimshinda mgeni, utabaki ule wa zamani, uliosongamana visanduku kama soko. Bi Nyaya mwenyewe uliwahi kumkimbiza, akakaa mwaka mzima akijiona mjinga. Hakutaka mwingine ajione hivyo.

Basi akamwita mgeni asiyejua kitu: mjomba wake, ndiye anayewaandikia haya, ila tumwite Mjomba tu, asionekane anajisifu.

"Sogeza kiti," akasema Mjomba. "Mimi nimefungua redio kabla hujaota meno."

"Na kuzifunga je?"

"Usinivunjie heshima, mama. Nionyeshe."

Bi Nyaya ana mtindo wake: mgeni akishika kipanya, yeye anaikalia mikono yake, asije akamsaidia. Mjomba akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kila kinachobonyezeka. Kimya. Binti jasho linamtoka, vidole vinamwasha chini ya mapaja.

"Chombo chako kibovu," Mjomba akanuna.

Hapo Bi Nyaya akaliona kosa. Swichi ya kuwasha sauti aliiweka pembezoni, ndogo kama punje, kwa vile yeye huiwasha bila kufikiri. Mwingine angemcheka Mjomba. Yeye akafuta maelezo yake matamu aliyoyaandika wiki nzima. Akabakiza swichi kubwa juu kabisa, kidude cha kuongeza sauti kikianzia chini, na spika.

"Tena, Mjomba."

Mlio ukatoka, mwembamba, umenyooka. Bi Nyaya akaichomoa mikono, akacheka mpaka machozi. Jioni wenye lugha wakajibu: huo ndio utakaofunguka kwanza.

Na Mjomba hakuishia hapo! Palepale akatunga muziki wa bendi nzima, tarumbeta, gita, majirani wakajazana dirishani wakiche—

"Mjomba, nasoma begani kwako hapa. Majirani gani? Alikuja mama peke yake, kukwambia uzime."