Ushuhuda wa Kuanguka Kwangu

Niliambiwa niandike maisha yangu mwenyewe, ati huo nao ni utafiti. Mimi mwalimu wa shule ya msingi, niliyerudi chuo kikuu na miwani puani, nilitarajia hojaji na hesabu. Nikapewa msimamizi anayesema mwalimu achimbe alikotoka ndipo aelewe anavyofundisha. Haya basi. Nikaandika lile ambalo kanisa letu zima hapa Uthiru hulijua: nilianguka mtihani wa darasa la nane, mama akafunga na kuomba, nikarudia, nikapita. Ndiyo maana nawaelewa watoto wanaoanguka. Tasnifu yote imesimama hapo.

Msimamizi alisoma, akauliza kama siku ile ya matokeo naikumbuka au niliambiwa tu. Swali gani hilo! Nilitoka ofisini mwake nimenuna, nikatembea mpaka sokoni Ngara bila kujua naenda kununua nini. Nilichokumbuka ni mama akisimama kanisani mwaka baada ya mwaka kushuhudia. Matokeo yenyewe aliyachukua baba.

Jumamosi nilimwendea mama, nikamkuta akichambua ndengu. Nikamuuliza nilianguka masomo gani. Akatupa kijiwe kando.

"Hukuanguka, mwanangu," akasema. "Ulipita kumshinda ndugu yako mliyefanya naye mtihani. Baba yako akasema wa kiume aende sekondari kwanza."

Nikamuuliza, sasa ushuhuda wote ule ulikuwa wa nini? Akanishangaa, kana kwamba sikulelewa kanisani.

"Ushuhuda unataka shida ambayo Mungu ameimaliza. Ya baba yako hakuwa ameimaliza."

Nilichanganyikiwa, na mpaka leo sijielewi. Nimewabembeleza watoto wangapi nikiwaambia hata mwalimu wao alianguka? Nilitaka kulia, nikataka kucheka, nikaishia kuchambua ndengu pamoja naye. Akanisihi nisimwandike baba. Siku hizi ni mzee wa kanisa, na humwambia kila anayekutana naye kuwa binti yake anaandika kitabu. Nimvue mzee nguo, au nikipelekee chuo uongo niujuao? Na nikiufuta ule uongo, mimi mwalimu wa wanaoanguka nabaki nani?

Kesho yake ibadani mama alisimama, kitambaa kichwani, bila kuniangalia. "Bwana asifiwe. Binti yangu alianguka mtihani." Baba, aliyeketi mbele, aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikasikia amina nyingine karibu nami kabisa, na ilikuwa imetoka kinywani mwangu.