Aliyemuua Rasoa

Mwalimu Wakoli alimuua Rasoa katika ukurasa wa arobaini na moja, sebuleni kwake Bungoma, siku ya Jumatano, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Hakuwa na ubaya naye. Nakala ya riwaya aliyokuwa akiitungia mwongozo ilikosa kurasa thelathini na mbili katikati, kosa la kiwandani, na mchapishaji alitaka kazi ifike kabla shule hazijafunguliwa. Kabla ya pengo, Rasoa, mjane aliyenyang'anywa shamba na shemejiye, alikuwa akikohoa damu. Baada ya pengo, bintiye alikuwa amevaa nguo nyeusi na majirani wakimpa pole. Mtu yeyote mwenye akili timamu angemzika. Wakoli alimzika kwa aya mbili, akaorodhesha athari sita za kifo chake, akaenda kula.

Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, Kimilili na Bungoma, na alistaafu na imani moja tu iliyobaki nzima: kwamba mtahiniwa hana haja ya kusoma riwaya. Ana masomo manane na usingizi. Riwaya ina kurasa mia mbili na kumi, nyingi zikiwa za watu wanaotembea, wanaopika na wanaokumbuka. "Mtahini hakuulizi ulilia ukurasa gani," aliwaambia wazazi, nao wakapiga makofi. Mwongozo wake ulikuwa na kurasa sitini na nne, na kila jambo lilipewa namba. Magharibi yote kulikuwa na vijana walioweza kutaja sifa kumi na nne za Rasoa bila kuwahi kukutana naye.

Miaka mitatu ikapita salama. Kisha mkewe, Nakhungu, nesi mstaafu asiyekuwa na mtihani wowote mbele yake, akaazima nakala kamili ya riwaya kwa mpwa wake na kuimaliza kwa siku mbili huku akiambua maharagwe.

"Baba Naliaka," akamwambia siku ya Alhamisi, "huyu mama alikukosea nini?"

"Mama gani?"

"Rasoa. Si uliandika alikufa? Yuko hapa, sokoni Suam, anauza vitunguu."

Wakoli alisoma ukurasa ule amesimama. Rasoa alikuwa hai, na zaidi ya hapo alikuwa akimtukana mteja. Hakufungua ukurasa wa pili. Alirudisha kitabu mezani taratibu, kama sahani ya mtu mwingine.

"Na Jumamosi unaenda kongamano Kitale," Nakhungu akasema. "Utawaambia?"

"Kuna aliyelalamika?"

Hakukuwa na aliyelalamika. Wakoli alienda Kitale na faraja hiyo.

Kongamano lilifanyika katika bwalo la shule moja ya mseto, watahiniwa mia nne kutoka shule sita wamebanana kwenye mabenchi. Mada ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa chaki: MTAHINIWA ASOME RIWAYA AU ASOME HOJA? Mwalimu Hesbon, mkuu wa idara ya Kiswahili na mwenyeji wa siku hiyo, alikuwa ameichagua mwenyewe, na jibu alikuwa nalo. Wakoli akahutubu saa nzima. Alisema wahandisi hawajengi daraja kwa hadithi. Alipofika kwa kifo cha Rasoa alipita upesi, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa, kisha akamalizia na kuketi.

"Kabla ya maswali," Hesbon akasema, "iko kesi ndogo. Nabwile, simama. Kuja mbele."

Msichana wa kidato cha nne akatoka benchi la tatu, riwaya mkononi, imejaladiwa kwa karatasi ya kaki. Kando ya mlango mwanamume mwenye gambuti zenye matope akaketi wima. Huyo alikuwa babake, Mzee Mukhisa wa Saboti. Alikuwa ameitwa.

"Mwalimu, huyu msichana ni mwerevu, si mbaya," Hesbon akamwambia Wakoli kwa kipaza sauti. "Lakini katika mtihani wa mwigo niliuliza athari za kifo cha Rasoa. Alama ishirini. Yeye akaandika sentensi moja. Nabwile, waambie."

"Rasoa hakufa."

Bwalo likacheka.

"Sifuri. Nikamwita ofisini, nikamwonyesha mwongozo, ukurasa wa arobaini na moja. Akaniambia ati mwongozo ndio umekosea. Mbele ya walimu wenzangu." Hesbon akatoa barua mfukoni. "Naibu wa mkuu ameandika akae wiki mbili nyumbani. Mtihani ni baada ya wiki tatu. Mimi nikasema wacha kwanza, mwenye mwongozo anakuja. Wewe sema tu neno moja. Yeye ataomba msamaha hapa, na babake amchukue."

"Na nikisema hakufa?" Wakoli akauliza.

Hesbon akacheka kwa heshima, kama mtu anayecheka mzaha wa mgeni.

Wakoli akanywa maji. Aliiona barua, ilikuwa na mhuri tayari. Aliona pia jina lake kwenye bango nyuma ya Hesbon, herufi kubwa kuliko jina la shule. Wiki mbili si kifo. Msichana angesoma nyumbani. Halafu fasihi, asante Mungu, ina milango ya nyuma.

"Fasihi ni pana," akaanza. "Kuna kifo cha mwili, na kuna kifo cha kiishara."

Kalamu mia nne zikashuka kwenye daftari.

"Kwa hivyo amekufa," Hesbon akasema.

"Kiishara."

"Hizo ni pointi mbili basi," sauti ikasema kutoka katikati, kwa furaha.

Angeweza kuishia hapo. Hesbon alikuwa tayari amemgeukia Nabwile, akimpa kipaza sauti aombe msamaha. Msichana akakipokea. Aliisogeza riwaya kifuani, na kaki ya jalada ikatoa mlio mdogo uliosikika bwalo zima.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza," Wakoli akasema, maana hakukuwa na jibu lingine.

"Ukurasa wa mia moja arobaini na sita, Rasoa anamfukuza mbwa wa jirani na mwiko. Mtu amekufa kiishara anaweza kufukuza mbwa?"

Safari hii waliocheka walikuwa upande wa msichana.

"Nabwile, usijibizane na mgeni," Hesbon akasema.

"Sijibizani, mwalimu. Nauliza tu."

"Samahani." Mzee Mukhisa alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Mimi sikusoma sana. Lakini hiyo kitabu si iko hapo? Si mtu afungue tu, tuone kama huyo mama amekufa?"

Katika bwalo lenye walimu kumi na wawili wa fasihi, wazo hilo lilikuwa halijamjia mtu.

"Mzee," Hesbon akasema kwa upole, "hicho ni kitabu cha hadithi. Hakiwezi kuwa ushahidi."

Mzee Mukhisa akamtazama Hesbon, kisha akamtazama Wakoli, akingoja mwenye elimu zaidi amtoe ujinga. Nabwile hakumtazama yeyote. Alikuwa akiitazama barua.

Wakoli akasimama.

"Msichana yuko sawa," akasema. "Rasoa hakufa. Yuko mtu alikufa, lakini simjui. Nakala yangu ilikosa kurasa, nikajaza mwenyewe. Riwaya hii sijaimaliza."

Jikoni mtu aliangusha kifuniko cha sufuria. Mkono ukanyooka benchi la nyuma.

"Mwalimu, hiyo tuandike?"

Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo wakaandika. Hesbon alikuwa amefungua mwongozo wake, ule uliojaa wino mwekundu, akiupekua kama mtu anayetafuta mahali alipoibiwa.

"Miaka mitatu nimefundisha hii maneno," akasema, mbali na kipaza sauti. "Wale wa mwaka jana niwaambie nini?"

"Sijui, Hesbon."

Hesbon akaikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu, akairudisha mfukoni. "Enda ukae," akamwambia Nabwile. Pole hakumwambia, na sifuri hakuitaja. Jumatatu iliyofuata aliibadilisha bila tangazo.

Wakati wa chakula Wakoli alipewa kuku, lakini hakuna aliyeketi meza yake. Mwalimu mmoja wa Bungoma, aliyekuwa amemwalika kwa kongamano la wiki iliyofuata, alipita akasema ratiba imebadilika kidogo. Hakusema kidogo kiasi gani. Wakoli alishukuru, akaacha paja, akatoka nje.

Mzee Mukhisa alikuwa kwenye mfereji akinawa, na bintiye amesimama kando akimshikia kofia.

"Kwa hivyo huyo mama yuko hai," mzee akasema.

"Yuko hai."

"Nimeacha mahindi nje kwa turubai na mvua ndiyo hiyo inashuka mlima Elgon. Nikaja Kitale sababu ya mama hajakufa."

"Pole sana, mzee. Kosa ni langu."

"Si kitu. Ungenyamaza ndio ingekuwa kitu." Akakung'uta mikono. "Na shamba lake je? Yule shemeji alirudisha?"

Wakoli alizijua dhamira nane. Alijua mbinu za lugha kwa mfuatano wa alfabeti.

"Hilo sijui," akasema.

Mzee alimwangalia bila dharau, kama anavyoangaliwa mtu aliyekuja mazishini na hajui nani amekufa.

"Nabwile, hebu tuambie. Alipata shamba?"

Msichana akawatazama wazee wawili, mmoja baada ya mwingine, kuona kama wanamcheza shere.

"Nianzie wapi?"

"Anza mwanzo," babake akasema, akichungulia mawingu. "Lakini fanya haraka."

Wakoli akatafuta jiwe kavu, akaketi.