C ya Kirusi iliyomnyima Tabita mwili wa mwanawe

Saa mbili asubuhi, Tunduma. Malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni, madereva wanapigiana kelele, na Restuta Nzowa anafuta vumbi kwenye kibodi yake. Anaandika 0421, kisha anabonyeza Alt pamoja na X. Kwenye skrini inatokea C.

Mteja wa kwanza anacheka. "Dada, C si ipo hapo hapo? Unazunguka kote huko kutafuta nini?"

Restuta hacheki.

Mzaliwa huyu wa Mlowo, mwenye miaka 36, ana miaka kumi na mmoja ya uchapaji katika steshenari hii. Huandika barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba na kujaza fomu za mtandaoni. Siku ikiwa nzuri hurudi nyumbani na Sh12,000. Mjini wanamjua kwa jambo moja: hakosei.

"Mimi naandika ninachokiona kwenye karatasi, siongezi langu," anasema. "Ndivyo nilivyofundishwa."

Ndivyo alivyofanya pia Machi mwaka jana, alipojiwa na Tabita Kibona, mkulima wa kahawa wa Mbebe, Ileje. Mwanawe, Ambwene, aliyekuwa akisomea uhandisi Urusi, alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu. Tabita alikuja na picha ya karatasi ya chumba cha maiti, aliyotumiwa kwenye simu na Gwamaka, aliyekuwa akisoma na marehemu huko huko.

Ndugu walipewa siku thelathini kuingiza namba ya jalada kwenye tovuti ya hospitali na kuomba mwili. Namba yenyewe ilisomeka C-4187.

Restuta akaandika C-4187. Tovuti ikajibu kwamba haipo.

Wakarudia kesho yake. Wakarudia wiki iliyofuata, na nyingine. Barua pepe zao hazikujibiwa. "Nikawa namwambia mama, labda mtandao unasumbua," anasema Restuta, macho yakiwa kwenye vidole vyake.

Siku ya thelathini na nne, Gwamaka, aliyekuwa mji mwingine kwa mafunzo na akidhani mambo yamekwisha, aliiandika namba hiyo mwenyewe kwenye simu yake yenye kibodi ya Kirusi. Jalada likafunguka papo hapo. Ambwene alikuwa amezikwa na manispaa siku tatu kabla.

Kumbe Warusi wana C yao. Kwa macho haina tofauti na yetu, lakini kompyuta haina macho, inasoma namba. C yetu imepewa 0043, yao 0421. Ni kama mapacha: sura moja, vitambulisho viwili.

"Ukiweka kibodi ya Kirusi, unabonyeza kitufe kilekile," anasema Restuta. "Kilekile! Kazi ya dakika moja. Mtoto wa watu kazikwa na wasiomjua kwa sababu ya kidole changu."

Hakujua, ni kweli, ila kutojua hakumrudishi mtu Mbebe.

Tabita bado yuko msibani. Majirani walitaka kuanua matanga, akakataa. Hadi leo analala sebuleni, chini kwenye mkeka.

"Nitaanuaje matanga na sijazika?" anauliza. Wala hamlaumu Restuta hata kidogo. "Alinihangaikia kama niliyemzaa. Hata mimi niliiona ile, ni C."

Kuuhamisha mwili sasa ni gharama ambayo kahawa ya ukoo mzima haiwezi kuibeba. Kilichobaki ni msalaba, ambao Gwamaka ameahidi kwenda kuusimika Juni. Maandishi yake anayaandaa Restuta, kwa Kirusi, bila malipo, huku akikagua namba ya kila herufi.

Tabita ameketi kwenye stuli kando yake.

"Jina tayari, mama. Na tarehe. Tuongeze nini?"

Tabita anaisogelea skrini.

"Weka na jina langu, mwanangu. Wapita njia wajue huyu hakuokotwa. Ana mama, anaitwa Tabita."